Bati Ambalo Dokta wa Kutu Hakuligonga

Alikuwa akisalimia chuma kabla ya kumsalimia mwenye chuma. Ukimkaribisha nyumbani, hodi yake haikuwa ya mdomo. Ilikuwa ya nyundo ndogo, yenye kichwa kama yai la njiwa, ikigonga bawaba za mlango wako mara tatu, polepole, huku sikio lake limeegemea ubao. Ndipo ungesikia sauti yake: "Bawaba ya juu iko muzima. Ya chini, mvua mbili. Jambo, Madame." Nilikaa naye ua kwa ua miaka mingi pale Baraka, na nadhani muda wote huo aliijua afya ya bawaba zangu kuliko yangu mimi.

Tulimwita Dokta wa Kutu. Mtu akisema "naenda kwa Dokta" ilibidi aulizwe: wa watu au wa manjanja? Manjanja ndiyo mabati, kama tunavyoyaita huku kwetu. Wapo waliopotea njia wakamfikia na homa zao, na sijasikia hata mmoja aliyerudishwa bila kushauriwa. Aliwaambia wanywe maji mengi, kisha akawauliza nyumba zao zimeezekwa lini.

Kazi yake alijifunza bandarini Kalemie, ambako alikwangua matumbo ya meli za chuma mpaka masikio yakazoea kusikia kilichomo ndani ya kilichopakwa rangi. Alikuwa na vipimo vitatu tu. Cha kwanza jicho: "Kutu ya manjano iko mutoto, nyekundu iko mukubwa, nyeusi njo muzee, ile haikusikilize tena." Cha pili ukucha wa kidole gumba, alioufuga mrefu kwa makusudi, wa kukwangua na kunusa. Cha tatu nyundo. Chuma kizima kilijibu *ngii*, na mlio ukabaki hewani kidogo. Chuma kilicholiwa kilijibu *pu*, kikanyamaza. Baada ya hapo alitoa chaki mfukoni, akaandika namba hapohapo juu ya chuma, akaizungushia duara. Hiyo namba ndiyo mvua zilizobaki. Mvua moja kwake ilikuwa msimu mzima, tangu manyunyu ya mwezi wa tisa mpaka yale ya mwisho ya mwezi wa tano.

Basi mji ukajaa namba. Mageti, milango ya maduka, mapipa, kengele ya kanisa, baiskeli za watu waliosimama sana mahali pamoja. Wauza mabati ya mitumba sokoni walikuwa wakifuta tatu na kuandika nane. Na kuna baba mmoja wa Mboko aliyekuja kuona kwao kijana anayemposa binti yake, akatazama juu, akaona "1" kwenye bati la sebule, akasema posa isubiri kiangazi. Kijana alipiga brosi, yaani brashi ya chuma, paa lile lote kwa mkono wake, akapaka rangi mara mbili, akapewa mke. Dokta alialikwa arusini, akakaa karibu na nguzo ya chuma.

Siku namba zake zilipokuwa bado ngeni mjini, ndipo ilipotokea ile ya bibi wa upande wa ziwani. Bibi huyu alikuwa mjane, anaishi peke yake kwenye nyumba yenye mlango wa chuma. Dokta alipita hayupo, akagonga, akasikiliza, akaandika "2", akaenda zake. Bibi alirudi kutoka shambani akaikuta namba ndani ya duara, na mlango wa jirani hauna kitu. Hakumwuliza mtu. Alijua ametumiwa ujumbe na anayejua siku za watu. Alianza kujiandaa kwa heshima zote: akagawa sufuria, akachagua nyimbo, mbuzi wake wa pekee akampa mtoto wa dada yake. Mvua mbili zikapita. Mlango ukang'oka kwenye bawaba, ukaanguka ukumbini wenyewe, hakuna aliyeugusa. Bibi alikuwa amesimama pembeni na mwiko mkononi, mzima wa afya. Alipoelezwa ile namba ilikuwa ya nani, alitembea mpaka kwa Dokta, akasimama barabarani, akapaza sauti mtaa mzima usikie:

"Dokta! Mbuzi yangu iko wapi?"

"Mama, mi niliandikia mulango."

"Mulango haina macho ya kusoma! Ni miye njo nilisoma!"

Mpaka leo hajamsamehe sawasawa, ingawa ni Dokta mwenyewe aliyekwenda kumwomba yule mpwa mbuzi, akarudi akimvuta kwa kamba huku akikagua pete ya ile kamba kama ina kutu.

Msemo wake mkubwa ulikuwa "Kutu haina congé." Aliusema kila mahali, na hasa wakati wa likizo. Hakuwa na haja na mtu anayeita fundi baada ya paa kuanguka. Aliamini mpango, na mpango wake aliuandika kwa mkaa kwenye ukuta wa nje wa nyumba yake ili kila anayepita ausome. Mwezi wa sita: brosi ya chuma. Mwezi wa saba: rangi ya kwanza. Mwezi wa nane: rangi ya pili. Mwezi wa tisa: kuomba. Mchungaji wetu aliusifu sana mpango ule kanisani, akasema ni wa kiroho, kisha akaruka miezi mitatu ya kwanza akaenda moja kwa moja kwenye mwezi wa tisa. Mvua zilipoanza mwaka ule, Dokta alikaa benchi la mbele kanisani na mwavuli.

Rangi bila brosi aliichukia kuliko kutu yenyewe. "Ni sawa na kuvaa shati ya kanisa na hauyaoga," alisema. Na hapa niseme kilichotokea shuleni kwangu, maana bila hicho nisingekuwa na sababu ya kupanda paa la mtu na kitenge nilichokifunga kwa mshipi.

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, au directrice kama watu wanavyoniita. Tulikuwa na tangi la maji juu ya miguu minne ya chuma, kando ya darasa la kwanza, na watoto wakati wa mapumziko walikaa kivulini mwake. Rais wa kamati ya wazazi, mtu mkarimu na mwenye sauti, alikuwa amepaka miguu ile rangi ya buluu kwa mikono yake kwa ajili ya wageni fulani, na kwa kweli ilipendeza. Dokta alikuja siku moja kuniletea mboga kutoka kwa mkewe. Alipita karibu na tangi, nyundo ikamtoka mfukoni kwa mazoea. *Pu*. Akazunguka mguu wa pili. *Pu*. Akatoa chaki, akaandika sifuri.

Rais wa wazazi aliitwa, akaja na hasira.

"Dokta, hii rangi ni ya juzi! Haikauke hata muzuri!"

"Naona. Iko rangi ya muzuri sana. Chuma njo haiko."

"Unataka kuniambia mi nilipakala rangi juu ya nini?"

Dokta aliomba msumari. Akauweka kwenye ile buluu, akausukuma kwa kidole gumba tu, na msumari ukaingia wote, ukapotea. Dokta akanigeukia, na kwa mara ya kwanza sikuona utani usoni mwake. Akasema, "Madame, toa batoto."

Tuliwatoa. Maji tuliyamwaga, na wanaume wakalishusha tangi kwa kamba. Walipoulaza mguu wa kwanza chini, ulikatika vipande vitatu kwa uzito wake mwenyewe, na ndani palikuwa na unga mwekundu tu. Nilikaa kwenye ngazi ya darasa la kwanza nikalia mbele ya walimu wangu, wala sikuona aibu. Nilijua majina ya kila mtoto aliyekuwa akikaa pale.

Tangu siku hiyo nilikuwa na deni moyoni, na deni lenyewe nilijua ni la nini, kwa sababu kila asubuhi nikifungua dirisha nililiona. Mji mzima ulikuwa na namba, isipokuwa paa la Dokta wa Kutu. Na lilikuwa paa baya kuliko yote Baraka.

Waswahili husema mganga hajigangi, lakini hapa pana kisa. Mkewe alikuwa akianika mihogo juu ya paa.

Kwa asiyejua: huku kwetu mihogo huvundikwa majini siku kadhaa mpaka ilainike, kisha huanikwa juani ndipo itwangwe unga wa bugali. Na hakuna mahali pa kuanikia pazuri kama juu ya bati. Kuku hafiki, mbuzi hafiki, na chuma chenye moto hukausha upesi. Lakini maji ya mihogo iliyovundikwa ni makali. Yanakula ile ngozi nyeupe ya bati, na ngozi ikiisha kutu hukaribishwa chai. Dokta aliitangaza vita hii sokoni, kanisani, hata matangani. "Bamama, mihogo inakula manjanja! Anikeni kwa mukeka!" Bamama walimsikiliza kwa adabu mpaka amalize, kisha mmoja akauliza kwa upole: "Na kwako, Dokta?"

"Kwangu mazungumuzo inaendelea," alijibu.

Mazungumzo hayo yaliendelea miaka yote niliyoishi karibu nao. Nilikuwa nikiyasikia juu ya ukuta. Mkewe alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega, asiyependa maneno mengi. Angepanda ngazi na beseni kichwani, bila kushika, na Dokta angesimama chini akieleza mambo ya chuma tangu mwanzo. Yeye angeanika kipande kimoja kimoja, akivipanga kwenye mifereji ya bati, sawasawa kama daftari la mwanafunzi mzuri. Akimaliza angeshuka, angepangusa mikono, na kusema jibu lake lilelile:

"Sasa mi nitakula manjanja?"

Na jioni bugali lilikuwa jeupe. Nimelila mara nyingi, naweza kushuhudia. Dokta alilikata tonge, akalitazama, akalichovya kwenye samaki, akafumba macho. Siku moja nilimwambia, "Dokta, huu si ndio unga wa paani?" Akasema, "Madame, wakati ya kukula haisemake mambo ya kazi."

Mtu huyu aliyesema ukweli wa mabati ya watu wote hakuwahi kulipiga lake hata mara moja. Nilimwomba. Nilimfanyia utani, nilimkasirikia. Nilimwambia kama paa lake litamwangukia, mji utacheka mpaka Fizi, na kila namba aliyoandika itageuka mzaha. Alisema, "Ya kwangu naijua." Nikasema kama anaijua, basi aiandike. Akabadilisha mazungumzo, akaanza kunisimulia tena safari yake ya Minembwe. Mchungaji mmoja wa ng'ombe wa huko milimani alikuwa amemletea kipande cha bati la kanisa, amekibeba mgongoni siku mbili za mguu, na Dokta akamwambia kipande hakisemi, paa lote ndilo linalosema. Halafu, pamoja na kuchukia kwake milima, alifunga safari mwenyewe akapanda naye, akilalamika kila kona, akaligonga paa lote bati kwa bati. Alirudi na jibini kubwa na magoti yaliyoharibika, na tangu hapo hakuweza tena kupanda ngazi. Kwa hiyo alikuwa na udhuru halali: nani atamgongea?

Mkewe alifariki mwishoni mwa kiangazi kimoja, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mvua za kwanza zilitukuta bado tumekaa matanga. Sebule ilijaa, na paa likaanza kuvuja. Lilivuja kwanza kwa heshima, tone moja kwenye bega la mchungaji, kisha likasahau heshima. Watu walisogeza viti bila kutazama juu. Dokta alikaa katikati na kofia magotini, maji yakimwingia kwenye kola, naye hakusogea.

Ndipo bibi wa upande wa ziwani, aliyekuwa amekaa mkekani na bamama wenzake, alipotoa sauti yake ileile ya barabarani, ila chini kidogo:

"Dokta. Miye uliniandikia mbili, na niko hapa. Kwako iko ngapi?"

Nilidhani watu watamtoa nje. Dokta aliinua kichwa. Akamtazama, kisha akanitazama mimi. Akatia mkono mfukoni, akatoa ile nyundo ndogo, akaninyooshea.

"Madame Directrice," alisema, "mi siwezi kupanda. Weye piga. Mi nitasikia huku chini."

Siku ya tatu baada ya matanga jua lilitoka, nikapanda. Walimu wangu wawili wameshika ngazi, rais wa wazazi anatoa maagizo ambayo hakuna aliyeyahitaji, na watu wamejaa barabarani maana habari ilikwisha kuenea kwamba directrice atapanda paa. Dokta alikuwa chini, amekaa kwenye kiti, sikio juu.

Niligonga bati la kwanza. *Pu*.

"Endelea."

La pili. *Pu*. La tatu halikusema kitu, nyundo ilipita.

"Hiyo nimesikia," alisema. "Andika zero."

Niliandika, nikazungushia duara kama alivyofanya. Nikasogea mpaka juu ya jiko, na pale nikasimama. Palikuwa na mstatili mweusi wa kutu, upana wa mikono miwili, wenye kingo zilizonyooka. Ndani yake, kwenye mifereji, bado palikuwa na weupe wa mihogo, mistari kwa mistari, jinsi marehemu mkewe alivyokuwa akiipanga. Niliinua nyundo.

"Hapo hapana," Dokta alisema kutoka chini. Hakuwa ananiona. Alikuwa amehesabu hatua zangu. "Hapo usipige, Madame. Tafazali."

Nilishuka. Hakuna aliyecheka, na niliona fahari kwa ajili ya mji wetu.

Kilichofuata ni kwamba kila mwenye mlango au paa lililowahi kuandikwa namba akapona alileta bati moja. Rais wa wazazi alilisimamia lile jambo mwenyewe, na safari hii alipiga brosi mbao na misumari kabla ya kitu chochote kupakwa rangi. Mabati yalikuwa ya kila aina, mapya na ya kijani na mawili mekundu, na nyumba ikawa kama shuka la viraka. Dokta aliyagonga yote chini kabla hayajapandishwa. Mawili aliyakataa. Alikuwa anapata msaada na bado anakataa, ndivyo alivyokuwa. Lile bati la juu ya jiko aliomba lishushwe polepole, lisikunjwe, liwekwe ukutani ndani.

Sasa nimehamishiwa shule nyingine, lakini kiangazi hiki nilirudi Baraka nikapita kumsalimu. Niligonga geti lake kwa kidole, nikatega sikio, nikamwambia, "Geti iko na mvua ine. Jambo, Dokta." Alicheka mpaka akakohoa. Ukutani mpango ulikuwa umeandikwa upya: mwezi wa sita, brosi. Paa la viraka lilikuwa safi, na kwenye kona ya kila bati palikuwa na namba. Ndogo kuliko zote ilikuwa kumi.

Akanichukua nyuma ya nyumba. Lile bati la zamani la juu ya jiko lilikuwa limelazwa juani juu ya mawe manne, na juu yake palikuwa na mihogo. Aliivundika mwenyewe. Alikuwa ameinama akipanga vipande kwenye mifereji, kimoja kimoja, ingawa mistari yake ilikwenda upande. Mkono mmoja ulikuwa kiunoni kwa sababu ya magoti.

Nikasema la kijinga. "Dokta, si inaliwa hiyo manjanja?"

"Inakuliwa," alisema. "Najua muzuri. Ilibakia mvua moja, labda."

Juu ya ua kichwa cha bibi wa upande wa ziwani kilichomoza. Alikuwa anapita kwenda sokoni, na hakuiacha nafasi ya miaka mingi impite.

"Dokta!" aliita. "Mihogo inakula manjanja!"

Dokta hakuinuka. Aliweka kipande cha mwisho mahali pake, akakisogeza kidogo kikae sawa na wenzake, akapangusa mikono.

"Mama," alisema, "sasa mi nitakula manjanja?"